Elfu Arobaini Iliyogeuka Deni

Programu yangu ya kwanza kupata mteja ilimdai mteja huyo shilingi 25,536.

Mteja alikuwa Mamdogo, mwenye duka la nafaka lisilozidi ukubwa wa kontena. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: ajumlishe mauzo ya siku bila kukesha na hesabu. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nimejifunza lugha ya programu iitwayo C kwa miezi miwili, na tayari najiona fundi. Nikaandika kitu cha mistari thelathini hivi, nikaazima kompyuta mpakato ya rafiki, nikaenda nayo dukani. Mamdogo akaingiza mauzo ya unga, 25,000. Akaingiza ya sukari, 15,000. Kioo kikajibu: -25536.

"Hiki kimstari cha mbele ndiyo nini?"

"Ni alama ya hasi, Mamdogo."

"Yaani nimeuza, halafu nadaiwa?"

"Hapana, Mamdogo. Kuna hitilafu kidogo, nitaiangalia."

"Mwanangu, daftari langu halijawahi kunidai."

Akalivuta daftari lake na kuandika jumla kwa penseli. Yeye huandika kwa penseli siku zote. Deni likilipwa analifuta kwa ufutio na kuandika jingine papo hapo, hadi kurasa za mwanzo zimekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Kesho yake nikamfuata mhadhiri. Alisikiliza akiwa anakusanya karatasi zake, akasema tu: "Weka long badala ya int." Nikamuuliza kwa nini int, aina ya namba niliyokuwa nimetumia, haifiki elfu arobaini. "Kijana, ndivyo C ilivyo." Simlaumu sana, tulikuwa wengi na mashine zilikuwa chache. Lakini muhula ule jibu hilo nililisikia kwa kila kitu. Kwa nini tunaandika clrscr, amri ya kufuta kioo, kila mwanzo wa programu? Ndivyo ilivyo. Kwa nini kioo ni cha bluu na maandishi ya njano wakati kompyuta yenyewe ina Windows? Ndivyo ilivyo. Kwa nini if yangu yenye & inatoa jibu la ajabu nisipoweka mabano? Weka mabano, ndivyo ilivyo.

Imenichukua miaka mingi kugundua kwamba karibu kila "ndivyo ilivyo" ya C ina mwenyewe, ina mahali, na mara nyingi ina mwaka. Hii ya Mamdogo ni ya New Jersey, mwaka 1970.

*

Mwaka 1969 maabara za Bell, mali ya kampuni ya simu ya Marekani, zilijitoa kwenye mradi mkubwa wa mfumo endeshi ulioitwa Multics. Ken Thompson, aliyekuwa akifanya kazi huko Murray Hill, New Jersey, akabaki na mawazo kichwani lakini bila mashine ya kuyajaribia. Akaokota kompyuta ya PDP-7 iliyokuwa imekaa tu. Kumbukumbu yake ilikuwa maneno elfu nane na ushei, kila neno biti 18, yaani sifuri na moja kumi na nane. Picha moja ya WhatsApp, hata ile iliyobanwa mpaka sura za watu zimefifia, isingeingia humo.

Kwenye mashine hiyo ndipo Thompson alipoanza Unix, mfumo endeshi wake mwenyewe, na ndipo alipotaka lugha ya kuandikia programu. Aliipenda BCPL, iliyotungwa na Martin Richards wa Cambridge, ila haikuingia. Akaikamua mpaka ikaingia, akaiita B. Lugha hiyo ilikuwa na aina moja tu ya data: neno la mashine. Namba ni neno, anwani ni neno, herufi ni kitu cha kubanwa ndani ya neno.

Kompaila ya kwanza ya B, yaani programu ya kugeuza maandishi ya lugha kuwa amri za mashine, iliandikwa kwa chombo kingine, kisha Thompson akaiandika upya kwa B yenyewe. Dennis Ritchie, mwenzake wa ofisi, alikuja kueleza hali ilivyokuwa, na ni maelezo ninayoyapenda kuliko mengi ya fani hii. Kila walipoongeza kitu kwenye lugha, kompaila ilivimba mpaka karibu ishindwe kutosha kwenye kumbukumbu. Kisha waliiandika upya kwa kukitumia kitu hicho kipya, nayo ikapungua. Ukubwa ukipanda, wanaiandika upya, unashuka, wanaongeza kingine. Alama ya kujumlisha na kuweka kwa pamoja, ile tunayoiandika leo +=, iliingia kwenye B katika mvutano huo. Mwanzo iliandikwa kinyume, =+, na ikaleta utata wake: ukiandika x=-10, umepunguza kumi au umeweka hasi kumi? Iligeuzwa mwaka 1976.

Mwaka 1970 ikaja PDP-11. Hii ilikuwa mashine ya biti 16, yenye kilobaiti 24 za kumbukumbu, na nusu ya hizo zilichukuliwa na mfumo endeshi. Tofauti na kaka yake, PDP-11 ilijua kuzishika baiti moja moja, na hapo B ikaonekana kichekesho. Lugha isiyojua tofauti ya herufi na namba ilikuwa inazunguka mbuyu kila ilipotaka kugusa herufi moja. Mwaka 1971 Ritchie akaanza kuiongezea aina: char kwa herufi, int kwa namba nzima. Kwa muda mfupi iliitwa NB, yaani B mpya, kisha ikaitwa C. Na int ikapewa ukubwa ambao mashine yenyewe inabeba kwa mkono mmoja: biti 16.

Biti 16 zinaweza kupangwa kwa namna 65,536. Nusu ya mipangilio hiyo inapewa hasi, kwa hiyo upande wa chanya unakomea 32,767. Ukivuka hapo, hesabu inaibukia upande wa pili, chini kabisa ya hasi, na kuendelea kupanda. Toa 65,536 kwenye 40,000, utapata deni la Mamdogo mpaka shilingi ya mwisho.

*

Suala la & nalo lina historia ya kuchekesha, au ya kukasirisha, inategemea umepoteza usiku mangapi kwa sababu yake.

Katika B alama & ilifanya kazi mbili. Ndani ya if ilimaanisha "na" ya kawaida ya mazungumzo: kama hiki ni kweli na kile ni kweli. Nje ya hapo ilimaanisha kuzilinganisha biti moja moja. Kompaila ndiyo iliyokisia unataka ipi kwa kuangalia mahali ulipoiweka. Kwa kuwa kazi yake kubwa ndani ya if ilikuwa kuunganisha milinganyo, ilipewa nguvu ndogo kuliko ==, alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa, ili milinganyo ihesabiwe kwanza. Hapo kila kitu kilikaa sawa. Baadaye Alan Snyder akapendekeza kazi hizo mbili zitenganishwe, ikazaliwa && kwa ajili ya "na" ya mazungumzo. Sasa & ya biti ilitakiwa ipandishwe juu ya ==, kwa sababu ukipima biti unataka uzipime kwanza ndipo ulinganishe. Haikupandishwa. Ritchie alikiri baadaye kwamba ingekuwa bora kuibadilisha, lakini waliogopa kuvuruga msimbo uliokwisha kuandikwa. Alisema kwa mzaha wake wa chinichini kwamba msimbo huo ulikuwa mamia kadhaa ya kilobaiti, kwenye labda sehemu tatu.

Sehemu tatu! Leo mamilioni ya watu wanaweka mabano kwa sababu ya sehemu tatu. Nikimfikiria mhadhiri wangu na "weka mabano" yake, naona kumbe alikuwa anatunza amani ya watu wachache wa mwaka 1972 au 1973.

Kipindi hicho hicho walikuwa na tatizo kubwa zaidi. Mwaka 1972 Thompson alijaribu kuiandika Unix yote kwa C badala ya asembli, lugha ya amri za mashine moja moja, akashindwa, akaacha. C haikuwa na struct, yaani hapakuwa na njia ya kufunga vitu vya aina tofauti katika furushi moja, na mfumo endeshi umejaa mafurushi: faili hili lina mwenyewe, lina ukubwa, lina tarehe. Ritchie akaongeza struct. Kiangazi cha 1973 wakajaribu tena na safari hii ikakubali. Struct za mwanzo zilikuwa na ulegevu wao: majina ya vilivyomo ndani ya struct zote yaliishi katika kapu moja, kwa hiyo struct mbili hazikuweza kutumia jina moja kwa uhuru. Ndiyo maana mpaka leo ukifungua maelezo ya faili kwenye Linux unakutana na st_size, st_mode, st_uid. Hiyo st_ ni uzio uliobaki baada ya shamba kuuzwa.

Majina mafupi yaliyokatwakatwa ya C, strlen, strcmp, malloc, nayo yana asili ya namna hiyo. Programu za kuunganisha vipande vya msimbo, zile linka, katika mashine nyingi za zamani zilisoma herufi chache tu za mwanzo wa jina. Hata kiwango rasmi cha C kilipotoka Marekani mwaka 1989 bado kilihakikisha herufi sita tu kwa majina ya nje, bila kujali kubwa au ndogo. Ila creat haina kisingizio hicho. Thompson alipoulizwa angebadilisha nini kama angeianza Unix upya, alijibu kwamba creat angeiandika na e mwishoni.

*

Ngoja nikae kidogo kwenye kitu kimoja, kwa sababu kilinikosesha usingizi nilipokielewa.

Mwaka 1983 Thompson na Ritchie walipewa tuzo ya Turing, na hotuba ya Thompson ikachapishwa 1984. Wengi wanaikumbuka kwa onyo lake kuhusu kompaila inayoweza kuficha mlango wa siri. Mimi nimeng'ang'ania mfano mdogo wa katikati. C ina alama za kukwepa: \n ni kwenda mstari mpya. Kompaila, ikikuta \n, inapaswa kujua namba halisi ya herufi hiyo. Ukiisoma kompaila iliyoandikwa kwa C, sehemu hiyo inasema: ukikuta \n, rudisha '\n'. Basi. Namba haipo popote kwenye maandishi hayo. Kompaila inaijua kwa sababu kompaila iliyoitengeneza iliijua, na ile iliijua kutoka kwa iliyotangulia.

Thompson akaonyesha mwanzo wa ujuzi huo kwa alama mpya, \v. Huwezi kuandika '\v' ndani ya kompaila ambayo haijawahi kuisikia, itakataa. Kwa hiyo mara ya kwanza unaandika namba, 11. Unakompaili. Sasa kompaila inajua. Halafu unarudi kwenye maandishi, unafuta 11, unaandika '\v', unakompaili tena, na inakubali. Toka hapo namba imetoweka kwenye maandishi, inaishi ndani ya programu yenyewe tu, ikirithishwa kizazi hadi kizazi. Mtu atakayesoma msimbo baada yako, hata asome mwaka mzima, hataona mahali namba hiyo ilipotoka. Ataambiwa ndivyo ilivyo.

*

Kutoka Murray Hill C ilisambaa kwa njia ya vyuo vikuu vilivyopata Unix, kwa kitabu cha Kernighan na Ritchie cha 1978, na kwa kompaila ya Steve Johnson iliyotengenezwa makusudi ihamishike kutoka mashine moja hadi nyingine. P. J. Plauger alianzisha Whitesmiths mwaka huo huo wa 1978 na kuuza kompaila ya C kwa wenye pesa zao. Hayo yameandikwa kwingi na sina la kuongeza.

Mimi kinachonivuta ni wale wa mashine ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na watu majumbani wenye kompyuta za prosesa ya 8080, mfumo wa CP/M, kilobaiti 64 zikizidi sana, na diski laini moja au mbili. Kompaila za wakubwa zilifanya kazi kwa hatua nyingi: inasoma, inaandika faili la kati, inasoma tena, inatoa asembli, asembla inasoma, inaandika, linka inasoma. Kwenye diski laini kila hatua ni mgugumio wa mota na dakika nyingine imekwenda. Unakosa nukta-mkato mstari wa nne, unarudi mwanzo wa foleni.

Mwaka 1979 Leor Zolman akatoa BDS C. Herufi hizo zilisimama badala ya Brain Damage Software, jina ambalo benki yoyote ingelikataa. Aliiandika kwa asembli ya 8080, na ujanja wake ulikuwa kupakia msimbo wote kwenye kumbukumbu mara moja na kuushughulikia humo humo bila kwenda na kurudi kwenye diski. Mwaka uliofuata, Mei 1980, Ron Cain alichapisha Small-C katika jarida la Dr. Dobb's: kompaila nzima, msimbo wake wote, karatasini. Ilijua int, char, pointa na safu, na haikuwa na struct. Lakini ilikuwa imeandikwa kwa lugha yake yenyewe, na mtu mwenye subira aliweza kuiandika kutoka gazetini, herufi baada ya herufi. Mimi nimeshindwa hata kumaliza kunakili namba za luku bila kukosea.

IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, soko likahamia huko. Lattice C ilifika 1982, na Microsoft kwa muda iliuza hiyo hiyo Lattice kwa jina lake kabla ya kutoa ya kwake, toleo la 3, mwaka 1985. Zilikuwa kompaila nzuri na ghali, na zote ziliishi kwenye mstari wa amri. Edita, ya kuandikia msimbo, ni programu nyingine. Dibaga, ya kusakia makosa, kama ipo, ni nyingine tena.

Aliyeuvunja mtindo huo alitoka kwenye lugha ya jirani. Novemba 1983 kampuni ya Borland ya California, ya Mfaransa Philippe Kahn, ilianza kuuza Turbo Pascal kwa dola 49.95. Ndani yake kulikuwa na kompaila ya kijana wa Denmark, Anders Hejlsberg, na edita, pamoja, katika faili moja. Toleo la 3.02 lilikuwa na baiti 39,731. Unaandika, unabonyeza kitufe, inakompaili ndani ya kumbukumbu kwa kasi ambayo waliozoea diski waliona kama mazingaombwe, na ikikuta kosa inakurudisha kwenye edita na kishale kimesimama palepale ulipokosea. Leseni yake ilisema uitumie kama kitabu: anaweza kuisoma mtu yeyote, popote, mradi isisomwe mahali pawili kwa wakati mmoja.

Watu wa C walitazama na kumezea mate mpaka 1987. Mwaka huo Borland ilitoa Turbo C kwa chini kidogo ya dola 100. Haikuiandika kutoka sifuri, ilikuwa imenunua kompaila iitwayo Wizard C ya Bob Jervis na kuivalisha nguo za Turbo. Microsoft ikajibu kwa QuickC mwaka huo huo. Toleo la 2 la Turbo C, 1988, likaleta dibaga ndani ya edita. Mwaka 1990 ikaja Turbo C++ yenye madirisha na kipanya, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 toleo lake la 3. Hilo ndilo lililonisubiri kwenye maabara ya chuo, likiwa na bluu yake yote, likiendeshwa ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta za zamani, kwa sababu Windows ya biti 64 haikubali tena programu za biti 16.

*

Kwa hiyo clrscr. Turbo C iliishi ndani ya DOS, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM za wakati huo, na DOS ilikuwa na kioo kimoja. Programu yako ikikimbia, inaandika kwenye kioo kile cha DOS, kisha Turbo C inarudi na kukifunika kwa bluu. Ukitaka kuona ulichoandika unabonyeza Alt na F5. Ukikimbiza tena, matokeo mapya yanajipanga chini ya yale ya zamani, na mwanafunzi hajui lipi la leo na lipi la jana. Ndipo desturi ikazaliwa: clrscr mwanzoni ifute ya jana, getch mwishoni isubiri kitufe ili bluu isirudi kabla hujasoma. Vyote viwili vinatoka conio.h, faili ambalo halimo katika kiwango cha C. Nimewahi kumwona kijana kwenye usaili wa kazi akiandika clrscr kwenye programu ya Linux, na nikamwelewa moyoni kama ndugu yangu.

Na ile Ctrl-K-B ya kuanza kuteua maandishi, Ctrl-K-K ya kumaliza? Hiyo ni ya WordStar, programu ya kuandikia ya 1978, iliyotungwa wakati vibodi vingi havikuwa na mishale. Katika maabara yetu mishale ilikuwapo, kipanya kilikuwapo, na bado kwenye mtihani uliandika kwa kalamu: "Taja vitufe vya kunakili kipande cha msimbo."

Kulikuwa pia na menyu ya kuchagua ukubwa wa kumbukumbu: tiny, small, medium, compact, large, huge, kama fulana za mtumba. Prosesa ya 8086 ilishika kumbukumbu kwa vipande vya kilobaiti 64, na kompaila ilitaka kujua mapema kama msimbo wako na data yako vitatosha kipande kimoja au vitahitaji vingi. Sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyeigusa menyu hiyo kwa makusudi.

Nimesoma watu wanaodai kufundisha kwa Turbo C ni dhambi. Kwa sehemu wana haki: tulifundishwa void main, tulifundishwa iostream.h yenye .h wakati C++ ilikwisha kuiacha tangu kiwango cha 1998, tulifundishwa int ya biti 16 kwenye mashine zenye gigabaiti. Lakini nakumbuka siku ya kwanza nilipobonyeza F7 na kuona mstari mmoja wa programu yangu ukitekelezwa, kisha wa pili, na thamani ya kigeu ikibadilika kwenye dirisha la chini. Sijapata tena kuona mzunguko wa for wazi namna ile. Na ilitosha kwenye flashi ya mtu yeyote, haikuomba intaneti wala usajili. Kwa chuo ambacho intaneti ilikuwa ya ofisi ya mkuu wa idara tu, hilo halikuwa jambo dogo.

Kinachonichekesha ni kwamba 1987, mwaka wa Turbo C, ndiyo mwaka Richard Stallman alipoachia toleo la kwanza la GCC, kompaila ya C. Alikuwa ametafuta njia ya mkato kwanza. Alimwandikia mwenye kompaila iliyoitwa ya Chuo Kikuu Huria, kile cha Amsterdam, akiomba kuitumia katika mradi wake wa GNU, akajibiwa kwa dhihaka kwamba chuo ni huria, kompaila siyo. Akapata nyingine, Pastel, kutoka maabara ya Lawrence Livermore, ila hiyo ilimeza faili zima kwenye kumbukumbu kabla ya kutoa chochote, na mashine aliyoilenga haikuwa na nafasi ya kuidekeza. Akaandika yake. Haikuwa na bluu, haikuwa na menyu, haikukurudisha mahali ulipokosea. Ndiyo niliyonayo kwenye mashine ninayoandikia sasa. Humo int ni biti 32, na elfu arobaini ya Mamdogo inapita bila kugusa ukuta.

*

Ritchie alizitunza kanda mbili za sumaku za miaka 1972 na 1973, na baada ya kusomwa aliweka hadharani kompaila zilizokuwamo. Moja inaitwa last1120c, ya mwisho kabla hawajaihama PDP-11/20. Struct hakuna humo, hata neno lenyewe halionekani. Nyingine, ya baadaye kidogo, ina struct inayochipua, na inafungwa kwa mabano ya kawaida badala ya yale ya mawimbi.

Nilizifungua usiku mmoja nikitarajia utukufu. Ni msimbo wa mtu aliyebanwa. Sehemu ya mwanzo ya programu yoyote hufanya kazi mara moja: inafungua faili, inaandaa mambo, basi. Baada ya hapo inakalia kumbukumbu bure. Ritchie hakukubali. Kompaila ikishaanza, inaichukua sehemu hiyo ya msimbo wake yenyewe kuwa nafasi ya kuwekea data, inaandika juu ya mwanzo wake inapoendelea na kazi. Na ili nafasi itoshe, ameweka funksheni ambayo haijatungwa itekelezwe. Inajiita yenyewe, ikijipa yenyewe kama vigezo, mistari kadhaa mfululizo, kusudi tu ijaze baiti ambazo baadaye zitafutwa na kuandikwa kingine. Ameiita waste, poteza.

Mamdogo bado ana duka. Mwezi uliopita nilimpelekea programu mpya kwenye simu. Aliijaribu kwa adabu, akaniambia nzuri, kisha akavuta daftari, akafungua ukurasa wa kwanza, akafuta deni la mtu, akapuliza makombo ya ufutio, akaandika la mwingine juu yake.